UTUMISHI KWA WOTE: KITUO CHA POLISI NI CHA NANI?

Polisi wa Kenya wana kaulimbiu ya maneno matatu: Utumishi kwa Wote. Ni maneno mema, na hatujapata kumsikia mtu aliyeyapinga. Lakini kaulimbiu ni ahadi, na ahadi hupimwa mahali pa kutimizwa. Ahadi hii haipimwi kwenye gwaride la Kiganjo wala katika hotuba za Nairobi. Hupimwa kwenye meza ya kuandikisha taarifa, usiku wa manane, pale mama aliyevunjiwa kibanda anaposimama mbele ya konstebo wa zamu na kusema, "Afande, nimeibiwa." Hapo ndipo neno "wote" hupata maana au hukosa.

Sisi wanamageuzi tumezoea kupaza sauti juu ya wakubwa. Tunamtaja Rais, tunamtaja waziri, tunamtaja Inspekta Jenerali, na ni haki yetu kuwataja. Lakini ni wachache kati yetu wanaoweza kueleza jinsi kituo cha polisi cha mtaani kwao kilivyopangwa: nani humwamuru mkuu wake, nani hulipia mafuta ya gari lake, nani humhamisha, nani humwadhibu akikosea, na mkazi ana mlango gani wa kupitia anapodhulumiwa. Tunapigana na nyumba ambayo hatujui milango yake. Ndiyo maana katika toleo hili tumeamua kuufungua ukurasa huu kwa jambo hilo. Tutachukua mji mmoja uwe mfano wetu, nao ni Eldoret.

Eldoret ulipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, ukawa jiji la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 475,716. Ukilinganishwa na Nairobi ni jiji dogo, ambalo mwenye duka, mchungaji na mwendesha bodaboda huenda wakajuana kwa majina. Mtu angetarajia kwamba katika jiji la namna hii polisi pia watajulikana na watawajibika kwa watu wa hapo. Sivyo ilivyo.

Ukweli ni kwamba Eldoret haina polisi wake. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, iliiachia serikali ya kitaifa kazi ya polisi, ikazipa kaunti kazi nyingine nyingi, zikiwamo kuzima moto na kuweka taa barabarani. Kwa hiyo nyumba ikishika moto katika mtaa wa Langas, gari la kuja kuuzima ni la kaunti. Nyumba hiyo hiyo ikivunjwa na wezi, anayepaswa kuja ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Kaunti yaweza kusimika taa katika kila kichochoro, lakini haina uwezo wa kumwagiza konstebo hata mmoja apite chini ya taa hiyo.

Ngazi yenyewe imejengwa hivi. Juu kabisa yupo Inspekta Jenerali, anayeteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, naye hutumikia kipindi kimoja tu cha miaka minne. Chini yake wako manaibu wawili, mmoja akiwaongoza polisi wa kawaida na mwingine akiwaongoza Polisi wa Utawala, pamoja na mkurugenzi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, maarufu kwa jina la DCI. Kutoka hapo ngazi hushuka kwa kamanda wa eneo, kamanda wa kaunti, kamanda wa kaunti ndogo ambaye zamani tulimwita OCPD, hata kumfikia mkuu wa kituo, yaani OCS. Kuajiri, kupandisha cheo, kuhamisha na kuadhibu ni mamlaka ya Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Kila kamba ya kituo, basi, huvutwa kutoka Nairobi.

Tena mipaka ya jiji si mipaka ya polisi. Langas iko katika eneo la Kapseret, Kapsoya iko Ainabkoi, Huruma iko Turbo. Mitaa yote hiyo ni ya jiji moja, lakini ramani ya utawala imeigawa. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inaruhusu jiji kuwa na bodi yake, lakini haikumpa mwenyekiti wa bodi hiyo uwezo wowote juu ya polisi. Mkazi akiuliza, "Nani mkuu wa polisi wa jiji letu, na anajibu kwa nani hapa?" hataonyeshwa mtu mmoja.

Kinachozidi kumchanganya mkazi ni wingi wa sare. Askari wa kaunti, wale tuliozoea kuwaita kanjo, husimamia sheria za kaunti kama vile za masoko na maegesho. Hao si polisi, ingawa mchuuzi anayekimbizwa nao haoni tofauti. Chifu ni mtumishi wa utawala wa kitaifa, naye pia si polisi. Polisi wa Utawala walikuwa wakifanya doria pamoja na polisi wa kawaida hadi mageuzi ya mwaka 2018, ambapo wengi wao walihamishiwa upande wa pili, na waliobaki wakaachiwa hasa ulinzi wa mipaka na wa mali muhimu za serikali. Mwaka huo huo polisi wa kawaida walianza kuvalishwa sare ya buluu. Tulisema wakati ule, na tunarudia leo: kubadili rangi ya shati ni kazi ya fundi cherehani. Mageuzi ni kubadili yule ambaye mwenye shati anamjibu.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpango huu haukushuka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Imperial British East Africa iliweka walinzi wa kulinda mali zake huko Mombasa, na katika mbegu hiyo kikachipuka kikosi ambacho mwaka 1920, nchi ilipofanywa koloni, kiliitwa Kenya Police. Kando yake kikaundwa kikosi cha polisi wa kikabila, waliokuwa mkono wa watawala wa wilaya na machifu. Hao ndio waliopewa jina la Polisi wa Utawala mwaka 1958. Uasin Gishu ilikuwa nchi ya walowezi. Polisi wa huko hawakuwekwa ili kumrudishia Mwafrika kuku wake aliyeibiwa. Waliwekwa kulinda shamba la mlowezi, kukagua kipande na kuhakikisha kodi imelipwa. Polisi wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kumjibu mkazi. Alimjibu aliyemtuma.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika lakini kamba zikabaki mahali pake, ila aliyezishika alikuwa mwingine. Wasomaji wetu wazee hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata. Tarehe 7 Julai 1990 watu waliokwenda Kamukunji kudai vyama vingi walipokewa kwa virungu na risasi. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Agosti, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyekuwa ameonywa na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia hatarudi salama, alifariki katika ajali ya barabarani akirejea kutoka huko. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi na kuwapiga watu waliokuwamo. Polisi walioweza kuvuka kizingiti cha kanisa hawakuwa na hofu ya kuulizwa na mtu wa mtaani. Waliyekuwa wakimhofu alikuwa juu, naye ndiye aliyewatuma.

Na Eldoret ina jeraha lake yenyewe. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokuwa wamejihifadhi katika kanisa la Kiambaa, karibu na mji huo, waliteketezwa kwa moto. Maelfu walikimbilia uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, na wengine wakalala katika nyua za vituo vya polisi. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133 katika nchi nzima, na zaidi ya thuluthi moja ya waliokufa walikuwa wamepigwa risasi. Tulizingatie jambo hilo kwa makini. Katika majuma yale yale, kituo cha polisi kilikuwa kimbilio la maelfu na bunduki ya polisi ikawa chanzo cha misiba ya mamia. Hatuwezi, basi, kusema kwamba hatuwahitaji polisi. Tunawahitaji sana. Ndiyo sababu hatuwezi kukubali kwamba wasiwe wetu.

Sasa na tuingie ndani ya kituo. Mkuu wa kituo ana msaidizi wake, na chini yao wamo mainspekta, masajenti, makoplo na makonstebo wanaofanya kazi kwa zamu. Ipo meza ya kupokea taarifa. Zipo seli. Ipo ghala ya silaha. Ipo doria ya miguu na ya gari. Lipo dawati la jinsia, ambalo limewekwa ili mwanamke aliyepigwa au mtoto aliyenajisiwa asilazimike kusimulia aibu yake mbele ya foleni ya watu. Kando yao wako wapelelezi wa DCI, ambao ingawa mara nyingi huketi katika ua huo huo, wana wakubwa wao wenyewe. Jalada likikamilika huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa maana tangu Katiba mpya polisi si mshitaki tena.

Moyo wa kituo ni kitabu kimoja, Kitabu cha Matukio, ambacho kila Mkenya hukijua kwa jina la OB. Sheria inamtaka mkuu wa kituo aweke kumbukumbu ya malalamiko yote yanayoletwa na ya kila mtu anayekamatwa. Kila taarifa hupewa nambari inayoonyesha ni ya ngapi siku hiyo, ikifuatwa na tarehe. Taarifa isiyo na nambari ni maneno yaliyopeperushwa na upepo. Taarifa yenye nambari haiwezi kukanwa bila mtu kuufuta wino, na kufuta wino ni kosa. Kwa hiyo tunawasihi wasomaji wetu: usiondoke kituoni bila nambari yako ya OB. Iandike kwenye karatasi, na usiiamini kumbukumbu yako peke yake.

Yapo mambo mengine ambayo mkazi hudai kwa haki wala si kwa hisani. Fomu ya P3, anayojaziwa aliyeumizwa, hutolewa bure. Bondi ya polisi hailipiwi. Na kama ni dhamana ya pesa, mwenye kutoa sharti apewe risiti, na pesa hizo ni zake kurudishiwa akitimiza wajibu wake mahakamani. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha wakati mahakama haiketi, husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Huo ndio upenyo unaotumiwa na wale wapendao kumkamata mtu Ijumaa jioni ili alale ndani hadi Jumatatu. Lakini mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachilia mtu kwa bondi hata siku ya Jumapili. Anayekuambia kwamba lazima usubiri Jumatatu akuonyeshe sababu.

Tunajua kinachotokea badala ya haya. Mlalamishi huambiwa gari halina mafuta, atoe ya kwake. Huambiwa karatasi zimekwisha. Huambiwa aje kesho, na kesho huambiwa afisa anayeshughulikia jambo lake yuko likizoni. Kitu kidogo hudaiwa kwa lugha laini: "Tuachie ya chai." Maskini hujifunza upesi kwamba kaulimbiu ile ina neno la nne lisiloandikwa ukutani: Utumishi kwa Wote Wanaolipa.

Lakini haki hutudai tuseme na upande wa pili. Konstebo aliye nyuma ya meza ile ni mwana wa mtu, na Jumapili huketi nasi kwenye benchi moja kanisani. Wengi wao wameishi miaka mingi katika nyumba ambazo pazia ndilo ukuta kati ya familia na familia. Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilipotoa ripoti yake Novemba 2023, lilipendekeza mishahara ya maafisa wa vyeo vya chini iongezwe. Hakuna mtu anayeweza kutumikia kwa heshima ilhali yeye mwenyewe amenyimwa heshima. Septemba 2022 bajeti ya polisi iliondolewa katika Ofisi ya Rais ikawekwa mikononi mwa Inspekta Jenerali. Tuliisifu hatua hiyo. Hata hivyo, mfuko ulitoka jumba moja la Nairobi ukaingia jumba jingine la Nairobi. Swali la mkazi wa Huruma lingali pale pale: ni shilingi ngapi zinazokifikia kituo, na nani hapa anayezijua hesabu zake?

Mtu anaweza kutuambia kwamba haya ya mafuta na karatasi ni mambo madogo. Sivyo. Kituo ambacho hakimjibu mkazi katika jambo dogo hakitamjibu katika jambo la uhai. Tarehe 7 Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina afisa mkuu wa polisi mtandaoni. Hakuwekwa katika kituo cha karibu na kwao, ambako wazee wake wangeweza kwenda kumdhamini. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafikishwa katika Kituo Kikuu cha Polisi, na kulipokucha tarehe 8 alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa madaktari ukakanusha: majeraha yale hayakuwa ya mtu kujiumiza mwenyewe. Inspekta Jenerali alilazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya uongo, na kabla ya mwezi huo kwisha watu kadhaa, akiwemo mkuu wa kituo hicho, walishtakiwa kwa mauaji. Hukumu tunaiachia mahakama. Funzo tunalichukua: mtu aliyetolewa kwao akapelekwa mahali ambapo hakuna anayemjua yumo hatarini, hata kama yuko ndani ya jengo la serikali.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika maandamano ya Juni na Julai 2024, zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi linamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina lake au nambari yake mahali panapoonekana wazi. Tuliwaona, na dunia iliwaona, watu wenye bunduki walioficha nyuso na wasiokuwa na jina wala nambari. Sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa karibu mwenye mamlaka ya kuuliza, "Huyu ni nani, na ametumwa na kituo gani?"

Mtu huyo, ndugu zetu, sheria ilikwisha kumweka. Hilo ndilo jambo kuu tunalotaka lishikwe katika ukurasa huu. Sheria ile ile, iliyopitishwa mwaka 2011, iliagiza katika kifungu cha 41 kwamba kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana au mjumbe wa baraza lake aliyemteua. Humo huketi wakuu wa polisi, wa upelelezi na wa ujasusi katika kaunti, wajumbe wawili waliopendekezwa na bunge la kaunti, na si chini ya watu sita kutoka kwa wakazi: wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, vijana, na mashirika ya dini. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele na malengo ya polisi katika kaunti, kufuatilia mienendo ya uhalifu, kukagua matumizi ya fedha za polisi wa kaunti, kuueleza umma jinsi polisi wanavyofanya kazi, na kuupa umma jukwaa la kusema. Chini yake sheria iliweka kamati za ushirikiano wa polisi na jamii.

Someni tena orodha hiyo. Mashirika ya dini yametajwa, na vijana, wanawake na mashirika ya kijamii wametajwa vilevile. Hiki ni kiti chenu ninyi mnaosoma jarida hili. Je, katika kaunti yenu kiti hicho kimekaliwa? Na nani? Mara ya mwisho aliketi lini, na aliuliza nini? Kama hamjui, basi hapo ndipo pa kuanzia. Kiti kisichokaliwa na mwenyewe hukaliwa na vumbi, au na mtu wa gavana.

Twajua pingamizi litakaloletwa. Wako watakaosema kwamba kumkaribisha gavana karibu na polisi ni kumpa jeshi la kikabila, na kwamba Eldoret, baada ya yale ya 2008, ndio mji wa mwisho unaofaa kujaribiwa jambo hilo. Hofu hii si ya kipuuzi. Historia ya polisi wa kikabila na ya machifu wa kikoloni yatuonya kwamba dhuluma ya karibu yaweza kuuma kuliko dhuluma ya mbali. Lakini hatusemi gavana apewe bunduki. Amri ya kazi ibaki kwa afisa wa polisi, na Katiba imekataza mtu yeyote, hata waziri, kumwagiza Inspekta Jenerali amchunguze nani au amkamate nani. Gavana hawezi kuwa na ruhusa ambayo waziri amenyimwa. Tunachodai si kuamuru, ni kuuliza. Kuamuru kunahitaji mkubwa mmoja. Kuuliza kunahitaji wengi, wa makabila yote na dini zote za mji, walioketi meza moja mchana kweupe. Tena tukumbuke kwamba polisi walioshindwa mwaka 2008 waliongozwa kutoka Nairobi. Umbali haukuwakinga watu na ukabila; uliwakinga wakubwa na maswali.

Pia kuna wale wanaodhani kwamba ushirikiano na polisi ni mkazi kumpelekea polisi habari za jirani yake. Huo si ushirikiano, huo ni upelelezi wa bure, na wengi wetu tuliuonja katika siku za chama kimoja. Ushirikiano wa kweli huenda njia mbili. Mkazi humwambia polisi mahali wezi wanapojificha, na polisi humweleza mkazi ni kwa nini jalada la mwanawe limelala miezi sita.

Yapo mengine mawili yaliyopatikana kwa jasho ambayo tusiyaache yaote kutu. Kabla ya mwaka 1997, aliyetaka kufanya mkutano wa hadhara aliomba leseni kwa mkuu wa wilaya, na leseni ilinyimwa apendavyo mkubwa. Baada ya mapambano ya mwaka huo sheria ilirekebishwa: sasa mwandalizi humpa mkuu wa kituo notisi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Notisi si ombi. Haiandikwi kwa magoti. Huandikwa kwa adabu, ikataja jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na mahali, nayo ipelekwe kwa nakala mbili ili moja irudi na muhuri. La pili ni IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kila kifo na kila jeraha baya lililosababishwa na polisi sharti lifikishwe kwake. Msiwaachie polisi kupeleka taarifa hiyo peke yao. Pelekeni na yenu, mkitaja tarehe, saa, mahali na nambari ya OB.

Basi tunapendekeza nini? Tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji idhini ya Nairobi. Kila parokia, kila usharika na kila kikundi cha wanaharakati kichague watu watatu wa kukijua kituo chao cha polisi: wajue jina la mkuu wake, waende kumwamkua kwa heshima kabla hakujatokea shida, na waulize dawati la jinsia liko wapi. Wawe na daftari la kuandika nambari za OB za wanyonge wasiojua kuandika, na warudi kila mwezi kuuliza kila moja imefikia wapi. Mnamkumbuka mjane yule wa mfano wa Bwana Yesu, aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu hata akampatia haki. Hakuwa na cheo wala fedha. Alikuwa na miguu na kauli isiyochoka.

Pili, viongozi wa makanisa na misikiti katika kila kaunti wamwandikie gavana barua moja ya pamoja, wakimwuliza juu ya Mamlaka ya Polisi ya Kaunti: ni akina nani wajumbe wake, wanaketi lini, na wananchi wanaweza kusoma wapi walichoamua. Jibu lisomwe mbele ya waumini. Lisipokuja, na hilo pia litangazwe mbele ya waumini. Tatu, wakazi wa majiji na miji waidai ramani iliyo wazi: mtaa upi uko chini ya kituo kipi, chini ya kamanda yupi. Mji usiojua afisa wake hauwezi kumhoji wala kumshukuru.

Na kwenu maafisa mnaotusoma, maana tunajua mko, hatuandiki haya kwa chuki. Siku wakazi watakapoijua bajeti ya kituo chenu, watakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini gari lenu halina mafuta na kwa nini nyumba zenu zinavuja. Siku mkubwa atakapowapa amri iliyo kinyume cha sheria, mtahitaji mji ulio nyuma yenu. Polisi asiye na watu wake hana pa kuegemea mkubwa anapomkana.

Tulidai vyama vingi tukavipata. Tulidai Katiba mpya, na tarehe 27 Agosti 2010 ikatangazwa. Lakini sheria iliyo kabatini haimlindi mtu aliye seli. Mageuzi ya polisi hayatakamilishwa na jopo jingine wala na sare nyingine. Yatakamilishwa kituo kwa kituo, na watu wanaokijua kitabu, wanaokijua kiti chao, na wanaorudi tena kesho kuuliza. Hapo ndipo yale maneno matatu yatakapokuwa kweli, kwa Eldoret na kwa kila mji wa Kenya.